Fundi Cherehani Aliyevaa Sauti ya Mwalimu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi walimu mliojaa viti vya mbele, familia imemtuma mdogo wake marehemu, huyu mzee mnayemwona amesimama na miwani ya kuazima, awasomee maisha ya dada yake, na imemwonya asichekeshe watu msibani na asilie kabla ya kufika kwenye ugonjwa, naye ameahidi kujitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili na binti wa kwanza kati ya watoto watano wa karani wa mizani na mkewe, na kwa maelezo ya mama yetu alilia mara moja tu, kwa sauti nene ya kukwaruza, hata mkunga akasema amekuja dume kabla hajamtazama vizuri. Sauti hiyo alikua nayo. Baba alikuwa akisema binti huyu akiomba chumvi utadhani anaamrisha gwaride, lakini sisi wadogo zake tuliipenda, maana ndiyo iliyotuita kula, ndiyo iliyotutetea kwa watoto wa jirani, na ukiwa mgonjwa ndiyo uliyotaka kuisikia karibu na kitanda.

Alianza shule Januari 1954, akatolewa Desemba 1957 alipomaliza darasa la nne, mama alipopata maradhi ya mgongo na ikaonekana lazima mtoto mmoja abaki nyumbani, na aliyeonekana ni yule anayeonekana siku zote. Hakubishana na baba, ila kaka yetu alipokuwa akisoma kwa sauti jioni, yeye alikuwa akifua nje ya dirisha hilo hilo, polepole mno, mpaka mama akawa anauliza hizo nguo zina uchafu gani usiokwisha.

Mwaka 1961 alipelekwa kwa shangazi kujifunza ushonaji, na mwaka 1965 akafungua kibanda chake mwenyewe, baina ya kinyozi na fundi saa, akawa na mazoea mawili ambayo wateja wake wote wanayakumbuka, pini midomoni, na chaki ya kuchorea kitambaa imechomekwa nyuma ya sikio la kulia. Kazi yake ilikuwa safi, hakuwa fundi wa njoo kesho, na kama nguo haikukaa alikuwa akiifumua yote mbele ya macho yako bila kuambiwa.

Sasa tunafika kwenye jambo lililowaleta wengi wenu hapa. Agosti 1968 lilikuja mjini kundi la watu wa filamu, wakampa kazi ya kushona mavazi ya mwigizaji mkuu, ambaye alikuwa acheze kama mwalimu kijana wa kike, mwanamke anayepanga chumba chake, anayeendesha baiskeli yake, anayefundisha wasichana hesabu wakati wanaume wa mji mzima wanamwambia aolewe kwanza ndipo azungumze. Mwigizaji hakupatikana kwa vipimo, hivyo dada akazishona gauni zile kwa mwili wake mwenyewe, akitegemea kuja kuzipunguza, na siku ya kuanza kupiga picha mwigizaji akagombana na mwongozaji juu ya chumba cha kulala wageni, akaondoka na mizigo yake. Mwongozaji akazitazama zile gauni, akamtazama fundi aliyezishika, akamwambia, "Hebu vaa moja, usimame pale ubaoni." Hivyo ndivyo msichana wa darasa la nne alivyopata kuwa mwalimu maarufu kuliko wote waliopata kusoma.

Alikuwa na uso ambao kamera iliupenda, hilo wote mmeliona, lakini sauti yake kila walipoisikiliza kwenye mashine waliinamisha vichwa. Basi wakamtafuta mwalimu wa kweli, mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana, mwanamke aliyeishi peke yake na binti yake mdogo katika nyumba aliyoipanga kwa mshahara wake, watu wakimsema, naye akisahihisha madaftari. Mwaka 1969 wakawafungia wanawake hao wawili katika chumba kilichotundikwa magodoro ukutani, mwalimu aingize sauti juu ya picha, na dada akae kando yake kumkumbusha alipovuta pumzi. Walishikana mikono, kila palipokuwa na pumzi dada akamfinya, na kazi ilipokwisha walikuwa marafiki kama waliozaliwa pamoja. Mwalimu alimwambia, "Wewe una uso wa mtu anayejua anachotaka. Mimi ninajua ninachotaka, ila uso ndio sina." Alibisha kitu kimoja tu, kwamba hakuna mwalimu duniani anayechomeka chaki nyuma ya sikio, lakini picha ilikuwa imeshapigwa, ikaachwa.

Tarehe 9 Novemba 1969 mwalimu wa hesabu alifariki kwa homa ya siku chache, kabla filamu haijaonyeshwa, na Februari 1970 dada yetu akaketi kwenye ukumbi uliojaa, karibu na mdogo wake huyu, akaona mdomo wake mwenyewe mkubwa kama mlango wa ghala unafunguka, na mtu aliyezikwa miezi mitatu nyuma anaongea humo ndani. Watu walipiga makofi. Yeye alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono miwili, na alipoulizwa kuna nini alisema ameogopa marehemu asije akasikika na huku nje ya picha.

Filamu ile ilizunguka miji yote, na mnayajua yaliyofuata kuliko msomaji, kwa sababu ni ninyi mliotoka ukumbini mkawaambia baba zenu hamtaki kuolewa na yule mzee bali mnakwenda chuo cha ualimu. Mlipanga vyumba vyenu, mkanunua baiskeli zenu, na wakaguzi wa shule wakaanza kulalamika kwamba kuna kizazi cha walimu wa kike wanaochomeka chaki nyuma ya sikio, wala hawajui wameitoa wapi, kumbe wameitoa kwenye kibanda cha ushonaji. Mlimsimamisha dada barabarani mkimwita Mwalimu, wazazi walimletea mabinti wakaidi awaseme, na yeye alikuwa akikubali kwa kichwa tu bila kufungua mdomo, hata ikasemekana ana maringo. Hakuwa na maringo. Aliona heshima ile ameivaa kama nguo ya mteja, na akamwambia mdogo wake, "Uso ni wangu, maneno ya mwandishi, sauti ya marehemu. Hapo mimi ni nani?"

Kuhusu ndoa, ni lazima tuseme ukweli kwamba filamu ilimharibia soko. Kuna pale ambapo bwana mmoja mwenye gari anakuja kumposa mwalimu kwa kumwahidi nyumba, naye anamjibu, "Nyumba ninayo, mlango wake tu ndio mdogo, wewe na gari lako hamtapita," na baada ya hapo hakuna mwanamume mjini aliyethubutu, kila mmoja akiogopa kujibiwa vile mbele ya watu. Aliyethubutu ni fundi bomba aliyekuja kukaza koki iliyokuwa ikivuja, mtu ambaye akiingia ukumbi wa filamu hulala kabla taa hazijazimwa, hivyo hakuwa na habari, akamsikia dada akiongea kwa sauti yake ile ya kukwaruza na akaona hii ndiyo sauti ya kuzeeka nayo. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1971, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1972 na wa kike mwaka 1976, nao wapo hapa.

Mtoto wa tatu, ambaye kwa umri ndiye wa kwanza, hakuzaliwa naye. Mwaka 1973 mama mmoja mtu mzima alimleta kibandani mjukuu wake wa miaka minane apimwe sare ya shule, na mtoto huyo alisimama akiukodolea macho mdomo wa fundi. Dada akamwambia, "Nyosha mkono, mwanangu," na mtoto akaziba masikio, akalia kilio cha mtu aliyedhulumiwa. Bibi akaomba radhi, akaeleza kwamba huyu ni binti wa mwalimu wa hesabu, juzi filamu imeonyeshwa shuleni kwao, ameambiwa ile ndiyo sauti ya mama yake, na tangu asubuhi anasubiri kuisikia. Dada akatoa pini midomoni, akazichoma kwenye mto wake, akageuka ukutani kidogo, na alipogeuka tena akasema, "Nyosha mkono, mwanangu," kwa sauti ya yule mwingine, pumzi kwa pumzi, kama alivyoifinya mkononi mwake kule kwenye magodoro. Mtoto akanyamaza, akanyosha mkono.

Sare ilikwisha, lakini mtoto alirudi kila wiki kupimwa, na bibi alipofariki mwaka 1974 alihamia kwa dada moja kwa moja, godoro likaongezwa. Nyumba ya vyumba viwili haina mahali pa kubadilishia sauti. Alianza kwa kuitumia mbele ya mtoto tu, kisha mezani, kisha kwa wageni, na watoto aliowazaa mwenyewe wakakua hawajui nyingine, na mumewe, alipoulizwa kama hilo halimsumbui, alijibu, "Nilioa mmoja nimepata wawili, kwa nini nilalamike?" Msomaji wenu wakati huo alikuwa mpima ardhi mbali na nyumbani, na aliporudi mwaka 1975, akapiga hodi, akakaribishwa na sauti ya mwalimu wa hesabu, ambaye jeneza lake msomaji huyu alisaidia kulibeba. Alibaki mlangoni na begi lake. Akauliza, "Dada, sauti yako umeiweka wapi?" Akajibiwa, kwa sauti ile ile ya marehemu, "Nimeikunja, ipo sandukuni."

Mambo mengine ni magumu kuyasoma mchana mbele za watu, lakini yeye mwenyewe alitaka yasemwe. Siku moja mtoto alikuwa ameinamia hesabu zisizokubali, akichezea kalamu, na dada akiwa anapasi alimwambia, "Kidole, tulia." Mtoto akaacha kalamu ikaanguka. Hilo ndilo jina mama yake alilomwita akiwa mchanga, kwa sababu alikuwa halali mpaka ashike kidole cha mtu, na mwingine aliyelijua ni bibi yake tu, ambaye naye alikuwa kaburini. Dada aliapa kwamba mwalimu hakuwahi kumtajia jina hilo. Yawezekana alimtajia akasahau, msomaji hasemi kitu, anasoma alivyotumwa, lakini kuanzia siku hiyo mtoto huyo sote tunamwita Kidole, na kuanzia siku hiyo dada alibadilika, akawa anashika koo lake kabla ya kujibu salamu, na akamwambia mdogo wake, "Nikiongea naogopa, lakini nikinyamaza naogopa zaidi, maana sijui nani atafungua mdomo."

Lililomtesa halikuwa hofu ya mizimu, kwa kuwa dada alimpenda mwalimu yule na angemkaribisha hata hivyo. Alichokitaka dada yetu kilikuwa kimoja, nacho alikitaka mpaka kufa, kwamba yule binti siku moja amwitikie yeye, fundi cherehani, kwa sauti aliyozaliwa nayo. Kidole alikuwa akimwita mama, tena kwa mapenzi, lakini je, alikuwa akimwita nani? Mwaka 1977 alijaribu. Alikuwa jikoni, Kidole chumbani, akamwita kwa sauti yake ya kukwaruza, na kutoka chumbani likaja neno moja, "Nani?" Dada akaegemea ukuta, akajirekebisha koo, akaita tena kwa sauti ya mwalimu, binti akaja mbio. Hakujaribu tena.

Palibaki mahali pawili pa kuikunjua ile sauti. Pa kwanza ni kibandani, akiwa peke yake na cherehani, akigombana na uzi unaokatika. Pa pili ni darasa la watu wazima, alilojiunga nalo mwaka 1979 akiwa na miaka thelathini na mitatu, akitaka kumaliza alichokiachia dirishani, na huko alimkuta mwalimu kijana ambaye alipomwona ameketi dawati la nyuma na daftari jipya aliangusha chaki kutoka sikioni, akasema, "Mwalimu, mimi nikufundishe wewe nini?" Dada akamjibu kwa sauti yake halisi, "Anzia darasa la tano." Walilia wote wawili, kisha wakaanzia darasa la tano. Alifaulu mtihani wa darasa la saba mwaka 1981, na mumewe alitangaza matokeo barabarani kwa kugonga bomba, hadi majirani wakadhani maji yamekatwa.

Kidole naye alikua, akaenda chuo cha ualimu, akawa mwalimu wa hesabu, na alipofika miaka kama ishirini sauti yake mwenyewe ilikuwa ya mama yake kabisa, hata ukipiga hodi pale nyumbani hukujua ni nani amekukaribisha. Ungedhani sasa dada angeweza kuitua ile aliyoibeba. Haikutoka. Kila mwaka televisheni ilipoionyesha filamu ile, alikuwa akizima sauti na kutazama kimya, midomo yake mwenyewe ikienda kidogo kidogo kule kitini, na wajukuu wakimwuliza bibi unaongea na nani alisema hajaongea.

Mwaka 2016 alifiwa na mumewe, na mwaka huo huo akagundulika ana shinikizo la damu. Tarehe 3 Mei 2019 akiwa kibandani alipatwa na kiharusi, fundi saa wa jirani akamkuta ameinamia meza ya kukatia, akakimbizwa hospitali na kulazwa wodi ya wanawake, upande wake wa kulia ukiwa umelegea na kauli imepotea. Binti zake wawili walipokezana kumwuguza, mwanawe akawa anakuja asubuhi na jioni, na mdogo wake akawa anakaa mlangoni kwa kuwa manesi walisema anaongea sana.

Tarehe 19 Mei, mchana, kauli ilirudi. Kidole, ambaye sasa ni mwalimu mkuu, mama wa watu wazima, alikuwa ameketi kando ya kitanda ameinamia beseni, anakamua kitambaa cha kumfuta, na kutoka kitandani ikatoka sauti nene ya kukwaruza, ambayo mdogo wake pale mlangoni alikuwa hajaisikia kwa zaidi ya miaka arobaini na ambayo ilimfanya ashike fremu ya mlango, kwa sababu ilikuwa sauti ya kuitwa kula, ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, enzi mama yetu yu hai. Nguvu za kuigiza zilikuwa zimekwisha, hakubakiwa na nyingine. Sauti ilisema, "Kidole." Dada mwenyewe aliisikia, tukaona macho yake yameingiwa na hofu, mkono wake mzima ukapanda kooni. Na Kidole, bila kuinua kichwa, bila kuacha kukamua kitambaa, akaitika, "Abee, mama."

Dada akamwangalia. Akamwuliza taratibu, neno kwa neno, kwa sauti ile ile, "Umenijuaje?"

Kidole akaweka kitambaa chini, akasema, "Mama, mimi nikitoka shule nilikuwa nasimama nje ya kibanda kila siku nakusikiliza unavyogombana na uzi. Nikipiga hodi tu, unanibadilikia. Basi nikawa nachelewa kupiga hodi." Na alipoulizwa kwa nini siku ile ya jikoni alijibu "Nani," alisema alikuwa mtoto, aliogopa kwamba akiitika sauti moja ile nyingine itaondoka, na alikwisha kuipoteza mara moja, naye mama hakumwita vile tena.

Wakacheka, dada yetu akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, na kwa siku sita zilizofuata aliongea kwa sauti yake na hatukumkataza, aliwagombeza madaktari, alimwagiza mwanawe akazimalizie nguo mbili za wateja, alimwambia mdogo wake anyoe ndevu, na wajukuu waliokuwa wakimwogopa siku ya kwanza walikuwa wakigombea kukaa karibu siku ya tatu. Alifariki dunia tarehe 25 Mei 2019 saa nne asubuhi, akiwa ameshika kidole cha binti yake. Ameacha watoto watatu, wajukuu wanane, cherehani moja, na filamu moja ambayo uso wake utaendelea kuongea humo baada ya leo. Sauti yake aliyozaliwa nayo hatuna popote. Tulitafuta katika simu zetu zote, lakini kila aliposikia anarekodiwa alikuwa akiivaa ile nyingine, na kwa zile siku sita hakuna aliyekumbuka kutoa simu, kwa hiyo wenye nayo ni sisi tuliokuwa wodini, na sisi tunazeeka.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya wanawake, waliovumilia mgonjwa mmoja na msemaji mmoja wa mlangoni, inamshukuru fundi saa na kinyozi kwa miaka yote ya ujirani na kwa siku ile ya Mei, inawashukuru majirani walioleta viti na maji bila kuombwa, mafundi cherehani wa mtaa mzima waliofunga kazi leo, na walimu mliokuja kwa wingi ambao hatukuutegemea, baadhi yenu kutoka mbali, kumzika mwalimu wenu. Mzikeni. Lakini mjue mnamzika na fundi pia, na mtoto wa darasa la nne.

Pumzika kwa amani, dada, na huko uliko, ukituita kwa sauti yoyote ile, tutaitika.